Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya na waganga wafawidhi: kicheko kiandikwe kwenye ratiba ya wodi ya watoto

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI,
Waganga Wakuu wa Mikoa na Wilaya,
Waganga Wafawidhi na wauguzi viongozi wa wodi za watoto,

Salamu kwenu, na poleni na majukumu.

Ninawaandikia kama mzazi aliyeuguza. Ombi langu ni moja, nalitaja mapema ili asiye na muda wa kusoma barua nzima asiondoke bila kulisikia. Kila hospitali ya serikali yenye wodi ya watoto itenge saa maalumu ya kuwachekesha watoto, hasa asubuhi wakati wa kusafisha vidonda na dakika zile za kusubiri kuingia thieta. Wanaoifanya kazi hiyo wawe watu waliofundishwa na kupewa kibali. Simaanishi wageni wa sikukuu wanaokuja na sabuni na biskuti, wakapiga picha na kuondoka. Namaanisha watu wanaojulikana kwa majina na muuguzi wa zamu, waliopangiwa siku na saa kama anavyopangiwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Aliyewahi kuuguza mtoto aliyeungua anaijua asubuhi ninayoisema. Toroli la dawa linasikika kabla halijaonekana, na watoto wanalijua kwa mlio wa magurudumu. Wa kitanda cha kwanza anaanza kulia, wa pili anamfuata, na mpaka toroli lifike katikati ya wodi hata wale ambao hawana kidonda cha kusafishwa siku hiyo wanalia. Gozi, kile kitambaa cha kufungia kidonda, imegandia kwenye nyama. Muuguzi anailowesha kwa maji ya chumvi, anaibandua kidogo kidogo, lakini mtoto amekakamaa mwili mzima, anarusha miguu, na mama anaambiwa amkandamize mwanawe kitandani. Kazi ambayo ingekwisha upesi inachukua muda mrefu kwa sababu mwili wa mtoto unapigana nayo.

Katika wodi tuliyolazwa na mwanangu alikuwapo bibi mmoja aliyekuwa akimuuguza mjukuu wake, mvulana wa chekechea aliyemwagikiwa uji wa moto mguuni. Toroli likifika kitandani kwao, bibi alikaa upande wa kichwa na kuanza madai. "Mume wangu, mahari uliyoleta kwetu ni pungufu. Nimewahesabu wale ng'ombe, mmoja ni mbuzi." Mtoto machozi yanamtiririka, lakini hakukubali kuonewa: "Ni ng'ombe! Ni ng'ombe mdogo!" Bibi akamsogelea sikioni, kwa sauti ambayo wodi nzima iliisikia: "Mbona ana ndevu?" Mtoto akaangua kicheko katikati ya kilio, mguu ukalegea, na muuguzi akaondoa kipande cha mwisho cha gozi. Vitanda vya jirani vilikuwa vimenyamaza vikisikiliza kesi ya mahari.

Asubuhi moja kiongozi wa zamu alimwambia bibi yule kwamba wodini si mahali pa mchezo na madaktari wako raundi. Bibi alinyamaza, kwa adabu zake zote, na hakurudia tena. Sina kinyongo na kiongozi yule. Alikuwa na watoto wengi kuliko vitanda, na mezani kwake hapakuwa na karatasi yoyote iliyomwambia kwamba anachokizuia nacho ni huduma. Karatasi hiyo ndiyo ninayoiomba kwenu, kwa sababu nyinyi ndio mnaoandika miongozo.

Nasema ni huduma, na nina sababu. Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walichapisha mwaka 2011 majaribio ya uvumilivu wa maumivu. Watu waliwekewa kitu chenye ubaridi wa barafu mkononi, au walifungwa mkanda wa kupimia presha ukakazwa mpaka mtu aseme basi. Kisha wengine walioneshwa vichekesho, wengine vipindi vya kawaida, na wakapimwa upya. Waliocheka walivumilia zaidi. Walioona kitu cha kupendeza bila kucheka hawakupata nafuu hiyo, kwa hiyo kufurahi peke yake hakukutosha: ilibidi mwili wenyewe utikisike. Dunbar alieleza kwamba ule mkupuo wa pumzi zinazotoka mfululizo bila kuvuta nyingine huchosha misuli ya mbavu na tumbo, na uchovu huo huufanya ubongo umwage endofini, kemikali zinazofanya kazi kwa njia ya mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu.

Mwaka 2017 watafiti wa Turku, Finland, walikwenda hatua moja mbele wakaangalia ndani ya ubongo kwa mashine ya kupiga picha. Wanaume 12 walipimwa baada ya kukaa nusu saa wakicheka na rafiki zao, na baada ya kukaa peke yao. Baada ya kicheko, kemikali hizo zilionekana kumwagika katika maeneo ya ubongo yanayohusika na maumivu, msisimko na hisia za mwili. Ni watu wachache, lakini kilichoonekana kinaafikiana na kile Dunbar alichokisema kwa njia nyingine.

Waheshimiwa, watoto wetu wanapewa parasetamoli kabla ya kusafishwa vidonda, na wakati mwingine hata hiyo imekwisha. Siombi kicheko kichukue nafasi yake. Naomba kiongezwe juu yake, kwa sababu duka lake liko kichwani mwa mtoto mwenyewe na halijawahi kufungwa.

Moyo na mishipa nayo hupata fungu lake. Michael Miller na wenzake wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, waliwaonesha watu 20 wenye afya vipande vya filamu za kuchekesha na vya filamu za kutia hofu, kisha wakapima jinsi mshipa wa mkono unavyotanuka. Taarifa yao ya mwaka 2005 inasema baada ya kicheko mtiririko wa damu uliongezeka kwa takriban asilimia 22, na baada ya hofu ulipungua kwa takriban asilimia 35. Mimi huwa naikumbuka zaidi ile namba ya pili. Mtoto anayesubiri toroli la dawa ameketi ndani ya filamu ya kutisha kila asubuhi, na kidonda chake kinahitaji damu.

Upo ushahidi mwingine unaonipendeza kuliko yote, ingawa haukutafutwa kwa ajili ya kicheko. Mwaka 1998 madaktari wa Los Angeles walichapisha habari za msichana wa miaka 16 mwenye kifafa aliyekuwa akichunguzwa ubongo akiwa macho. Walipogusa kwa umeme hafifu sehemu ndogo ya mbele, upande wa kushoto, alitabasamu. Umeme ulipoongezwa, alicheka. Kila alipoulizwa anacheka nini, alikuwa na jibu: mara picha ya farasi aliyooneshwa, mara madaktari wenyewe namna walivyosimama. Sehemu hiyo iko jirani na zile zinazopanga mwendo wa mikono na kusema. Ndani ya ubongo, basi, kicheko kimekaa jirani na kuchezesha mikono na kuongea.

Na kicheko hakipendi upweke. Robert Provine, aliyekisomea miaka mingi huko Maryland, alikuta watu hucheka mara 30 zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao, na kwamba vicheko vingi havitokani na kichekesho chochote. Vinatokana na maneno ya kawaida kabisa kati ya watu wanaofahamiana. Ndiyo maana televisheni ikitundikwa ukutani haitatosha. Zipo wodi zenye televisheni inayoonesha katuni siku nzima huku watoto wakiitazama kimya. Anatakiwa mtu, mwenye jina la mtoto mdomoni.

Kuhusu watoto wenyewe, mwaka 2020 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha mapitio ya tafiti 24 zilizohusu watoto na vijana 1,612 waliochekeshwa hospitalini na watu waliofundishwa kazi hiyo. Wasiwasi wa watoto wakati wa vipimo na kabla ya upasuaji ulipungua. Kwa upande wa maumivu matokeo hayakufanana. Mahali pengine yalipungua, pengine hapakuwa na tofauti. Nawaandikia yote mawili ili mtu asije akasimama bungeni akadai kwamba kicheko kinatibu kansa. Hakitibu. Kinamfanya mtoto aogope kidogo, alie kidogo, na amruhusu muuguzi amfikie.

Kuna utafiti mmoja ndani ya habari hizi ambao nyinyi mnaosimamia hospitali mnapaswa kuusoma mara mbili. Ulifanyika Florence, Italia, ukachapishwa mwaka 2005. Watoto 40 waligawanywa, nusu wakasubiri dawa ya usingizi wakiwa na mzazi pamoja na wachekeshaji, nusu wakiwa na mzazi tu. Waliochekeshwa walikuwa na hofu ndogo zaidi. Wahudumu walipoulizwa, walikiri kwamba mtoto ananufaika, na bado wengi wao walipinga zoezi lisiendelee kwa sababu linaingilia taratibu za thieta. Kwa hiyo muuguzi wa kwetu aliyemnyamazisha bibi hakuwa mtu wa ajabu. Hospitali yoyote isiyopanga mahali na saa ya kicheko itakiona kama fujo, hata kikiwa kinasaidia mbele ya macho yake.

Sasa niseme neno kuhusu sisi wenyewe. Dunia ya watafiti wa kicheko inaijua nchi hii, lakini kwa jambo la huzuni. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni pale Kashasha, katika Muleba ya leo, walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Mpaka shule inafungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Walimu hawakupatwa hata mmoja. Wasichana wakarudishwa makwao, na hali ikaenda nao: Nshamba, walikotoka baadhi yao, watu 217 walipatwa kati ya Aprili na Mei. Madaktari Rankin na Philip walioandika taarifa yake mwaka 1963 walitafuta sumu na vijidudu, hawakuona. Walichokieleza ni kicheko kilichochanganyika na kilio na kukimbia hovyo, kinachokuja kwa vipindi, kwa wengine kwa siku kadhaa. Wengi waliolichunguza jambo hilo baadaye wameliona kuwa ni msongo uliotafuta pa kutokea, kwa vijana waliobanwa na shule na kwa jamii iliyokuwa katika mabadiliko makubwa.

Nawakumbusha Kashasha kwa sababu wasichana wale walikuwa chini ya uangalizi wa watu wazima, katika taasisi, mbali na nyumbani, kama walivyo watoto wa wodini. Kicheko chao hakikuwa afya, na hakuna aliyecheza nao. Ninachokiomba mimi ni kicheko cha mtoto anayejiona yuko salama, anayecheka na mtu anayemjali. Atakayepewa kazi hii afundishwe kuona tofauti hiyo usoni mwa mtoto na ajue kuacha.

Na watu wa kuifanya tunao. Utani tulirithi, hatukuletewa. Mzaramo na Msukuma, Mpare na Mchaga, babu na bibi na wajukuu wao: hawa wana ruhusa ya kuambiana yale ambayo wengine wangeyagombania. Msibani ndiko utani unakoonekana nguvu yake. Mtani anavaa kanzu ya marehemu, anaiga mwendo wake, anadai deni lake, anakataa jeneza lisishushwe mpaka alipwe, na wafiwa ambao tangu jana hawajafungua mdomo wanajikuta wanacheka huku wanalia. Wazee wetu waliona kwamba mwili wenye huzuni unahitaji kupumua, wakaweka mtu maalumu wa kazi hiyo, wakamlinda asikasirikiwe. Hospitali zetu zilipojengwa, mtu huyo aliachwa nje ya geti pamoja na wauza matunda.

Mtani hatoshi peke yake, nakubali. Wodi ina mambo yake. Mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo hachekeshwi. Mama yeyote aliyejifungua kwa operesheni anajua alivyokuwa akishika mshono na kuwasihi wageni waache. Mwenye pumu kicheko kikubwa kinaweza kumwamshia kikohozi na kubanwa kifua. Wapo watoto wanaoogopa sura iliyopakwa rangi, kwa hiyo rangi na vinyago viachwe. Utani wa kabila, wa umbo, wa ulemavu au wa kovu la usoni usiingie kabisa wodini. Mikono ioshwe kabla ya kila kitanda. Simu zibaki nje na picha zisipigwe. Na mtoto akisema hapana, au akigeukia ukutani, jibu lake liheshimiwe kama linavyoheshimiwa la mtu mzima.

Haya yote yanafundishika. Tuna Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambako vijana husomea maigizo kisha wengi wao wakahangaika mitaani wakitafuta kazi. Taasisi hiyo ikikaa meza moja na chuo cha uuguzi, kozi fupi itapatikana. Nchi iliyomzaa King Majuto wa Tanga, ambaye alifariki Muhimbili Agosti 2018 baada ya kuwachekesha Watanzania kwa miongo, haiwezi kusema imekosa walimu. Kila hospitali kubwa ina afisa ustawi wa jamii; huyo ndiye awe msimamizi, apokee ratiba, asikilize malalamiko. Gharama kubwa itakuwa nauli na posho. Nawaomba msiikwepe posho hiyo kwa kusema ni kazi ya kujitolea, kwa sababu anayejitolea hukosa nauli katikati ya mwezi, na mtoto aliyemzoea atamngoja.

Wapo viongozi wa kwingine waliokwisha kuliandika jambo hili. New York, mwaka 1986, Michael Christensen wa sarakasi ya Big Apple alianza kuwapeleka wachekeshaji hospitali ya watoto, na kazi hiyo ikaenea mabara mengi. Mwaka 2015 jimbo la Buenos Aires, Argentina, lilipitisha sheria inayotaka wodi za watoto za hospitali za umma ziwe na wachekeshaji waliofundishwa. Yamagata, Japani, ambako utafiti uliofuatilia watu zaidi ya 17,000 uliona kwamba wanaocheka kwa nadra sana walifariki zaidi kuliko wanaocheka kila wiki, baraza la mkoa lilipitisha mwaka 2024 kanuni ya kuwahimiza wakazi wacheke angalau mara moja kwa siku. Hiyo ya Yamagata siipendi sana. Wapinzani wake walisema asiyeweza kucheka kwa sababu ya maradhi asifanywe ajione mkosaji, na walisema kweli. Mfano wa Buenos Aires ndio unaotufaa, kwa kuwa unaagiza hospitali na kumwachia mgonjwa uhuru wake.

Nisiwasahau wauguzi. Anayebandua gozi kwenye vidonda vya watoto wanaopiga kelele, siku baada ya siku, naye anaumia. Nilimwona muuguzi akigeuza uso dirishani kabla ya kuendelea na kitanda kinachofuata. Asubuhi ya kesi ya mahari nilimwona huyohuyo akisukuma toroli huku mabega yakitikisika kwa kicheko. Mkihesabu faida za ombi hili, mhesabuni naye.

Anzeni padogo. Chagueni hospitali moja ya rufaa na moja ya wilaya katika kila kanda, mwaka huu wa fedha. Wauguzi waandike mambo manne kwa kila mtoto: muda uliotumika kusafisha kidonda, watu waliohitajika kumshika, dawa ya maumivu aliyopewa, na uso aliouchagua mtoto kwenye ile kadi ya nyuso za kupimia maumivu. Waandike kabla ya mpango kuanza na baada ya kuanza. Matokeo yachapishwe kwa Kiswahili, yakiwa mazuri au mabaya, ili sisi wazazi tuyasome.

Na hata kabla ya fedha kupatikana, lipo ambalo halihitaji bajeti. Toeni waraka wenye sentensi hii, au iliyo bora kuliko hii: "Mzazi au mlezi anayemchekesha mtoto wakati wa kusafisha kidonda, kuchomwa sindano au kusubiri upasuaji asizuiwe, isipokuwa kwa sababu ya kitabibu itakayoandikwa kwenye faili la mtoto." Ubandikwe kwenye mlango wa kila wodi ya watoto, usomeke na sisi na wauguzi.

Nasubiri majibu yenu, na niko tayari kuitwa kueleza.

Wenu,
Mzazi, Morogoro